Haya Isikupokonye Shamba

Mtu wa Malindi atabishania bei ya changu sokoni mpaka muuzaji mwenyewe acheke. Mtu huyo huyo akipanda ngazi za ofisi ya wakili, ulimi unakufa. Anaambiwa, "Lete elfu hamsini tuanze," anashuka, anauza ng'ombe, anarudi na pesa ndani ya bahasha, anashukuru na kwenda zake. Hakuuliza elfu hamsini ni za nini wala zitafika wapi. Hakupewa hata kipande cha karatasi. Ukimuuliza kwa nini alinyamaza, atakwambia yule ni msomi, na msomi hahojiwihojiwi.

Haya hiyo naiona ndiyo inayowaponza wateja wengi wa Kilifi kuliko hata mawakili wabaya, na mawakili wabaya wapo. Wakili mzuri hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika amekupa jibu tayari, tena bure, kabla hujatoa senti.

Swali la kwanza kabisa ni kama huyo uliye naye ni wakili. Mwezi wa Oktoba 2023 nchi nzima ilishangaa kusikia habari za kijana wa Nairobi aliyedaiwa kutumia jina la wakili mwingine na kusimama nalo mbele ya majaji. Ikiwa mahakama inaweza kuzugwa hivyo, mteja wa Ganze au Magarini atajuaje? Atajua kwa simu yake. Kila wakili nchini huchukua leseni mpya ya kufanya kazi kila mwaka, na Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina sehemu kwenye tovuti yake ambapo unaandika jina na kuonyeshwa kama mwenye jina hilo anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Kama huna intaneti, mpe mwanao au mjukuu, ni kazi ya dakika mbili. Kisha linganisha jina hilo na uso ulio mbele yako, maana leseni ni ya mtu, haiazimwi. Karani wa ofisi si wakili hata akiwa amekaa hapo miaka ishirini na anajua sheria kuliko bosi wake. Na wale wanaozunguka nje ya mahakama wakiwa na faili kwapani, wakikuita "mzee wangu, njoo nikusaidie", wengi ni watu wa kati tu. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye na leseni kufanya kazi ya wakili, na pesa utakayompa huyo kuirudisha ni kesi nyingine.

Baada ya hapo, tazama kama ni wakili wa jambo lako. Mirathi ya Muislamu inaweza kwenda kwa Kadhi. Mfanyakazi wa hoteli ya Watamu aliyefukuzwa bila barua ana mahakama yake ya ajira, na muda wake wa kushtaki ni miaka mitatu. Anayedai deni lisilozidi shilingi milioni moja huenda hahitaji wakili kabisa: sheria ya 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambako mwenye dai anaweza kujisimamia na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Ulizia masjala ya mahakama iliyo karibu nawe kabla hujalipa mtu. Lakini kama jambo ni ardhi, na huku kwetu mara nyingi ni ardhi, usichukue wakili yeyote tu kwa sababu ni mtoto wa mjomba au alisimamia talaka ya jirani.

Ardhi ya Pwani ina ukoo wake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ikataka kila anayedai ardhi apeleke dai lake kwa msajili. Waliofika na madai yao walipewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi hawakufika, na ndivyo mtu alivyokuja kuitwa skwota mahali alipozikwa babu yake. Zikafuata skimu za makazi, ugawaji wa miaka ya tisini, na hati mbili juu ya ploti moja. Taja ugomvi wa ardhi ya ufuoni ya Chembe Kibabamshe mbele ya wakili anayezijua kesi za ardhi za Malindi uone atakavyokaa wima. Asiyelijua jina hilo anaweza kuwa hodari sana kwa kesi za ajali za barabarani, lakini ya ufuo mpe mwingine.

Kwa hiyo muulize: "Hati hii ilianzia wapi?" Wakili atakayekujibu kwamba sachi imetoka safi, basi lipa, mwogope. Sachi inakuonyesha jina lililo kwenye rejista leo. Haikuambii jina hilo liliingiaje. Kwa nini hilo ni muhimu, watazame majirani zetu wa Nyali. Ploti moja ya ufuoni ilitolewa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikauzwa kwa kampuni, kisha mwaka 2006 ikauzwa kwa kampuni nyingine, Dina Management. Hati ilikuwepo na ushuru ulilipwa. Mwaka 2017 kaunti ya Mombasa ikaangusha ukuta ili kufungua njia ya watu kwenda baharini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakasema ugawaji ule wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa hiyo mnunuzi wa mwisho, hata kama alinunua kwa nia njema, hakuwa na haki ya kulindwa. Tangu siku hiyo wakili wa ardhi asiyefukua mpaka ugawaji wa kwanza hajafanya kazi uliyomlipa.

Upande wa pili wa ua yuko aliyekaa bila hati. Sheria ya Kenya inampa aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, nafasi ya kuomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi ilikataa hoja kwamba jambo hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Lakini hesabu hiyo ya miaka haifanyi kazi juu ya ardhi ya umma, na inavunjika ikiwa ulikaa kwa ruhusa. Hapa ndipo wateja wengi hujichimbia shimo. Baba yako alikuwa akipeleka kodi ya ardhi kila mwaka kwa mwenye shamba, una stakabadhi mbili za zamani ndani ya sanduku, na unamficha wakili kwa kuogopa kuharibu kesi. Wakili anajenga kesi nzima juu ya "hatukuwahi kuomba ruhusa". Upande mwingine unatoa nakala za stakabadhi zile zile siku ya kuhojiwa, na hakuna wa kukuokoa tena. Unachomwambia wakili wako kinabaki kwake. Mpe lililo baya kwanza.

Mgeni anayenunua nyumba Malindi au Watamu, awe Mwitaliano au Mswisi, naye ana mtego wake. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na kampuni haihesabiki kuwa ya raia isipokuwa wenye hisa wote ni raia. Ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi, kwa sababu bodi ya kudhibiti ardhi hairuhusiwi kumkubalia asiye raia, na hata kwa raia mauzo bila idhini ya bodi hiyo yanaweza kuwa batili. Nayasema haya hata kama wewe ni muuzaji wa Mambrui na si mgeni: wakili akikwambia "tutatafuta njia" ya kuandika shamba kwa jina la shemeji yako kwa niaba ya mzungu, njia hiyo mwishowe inarudi mlangoni kwako.

Halafu kuna huyu dalali. Analeta mnunuzi, anamleta na wakili, anasema wakili huyu atawaandikia wote wawili ili kupunguza gharama. Kataa kwa upole. Mnunuzi anataka hati kabla ya kumaliza kulipa, muuzaji anataka pesa kabla ya kutoa hati, na mtu mmoja hawezi kuwasukuma wote wawili kwa nguvu sawa. Akiletwa na dalali, anafikiria pia kesho dalali atamletea kazi gani. Na yale makubaliano yanayoandikwa kwa mzee wa mtaa au ofisini kwa chifu, yenye mhuri na mashahidi sita, ni ushahidi kwamba mlipatana. Jina kwenye rejista ya Kilifi hayalibadilishi.

Tuje kwenye pesa. Ada za mawakili Kenya zina kanuni iliyochapishwa, iliyorekebishwa mwaka 2014, inayoweka kiwango cha chini cha kila kazi. Kwa mauzo ya ardhi ada hufuata thamani ya ardhi, kwa kesi hufuata aina na ukubwa wa dai. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya kiwango hicho, lakini juu yake mnaweza kukubaliana, na makubaliano hayo yanatakiwa yawe kwenye maandishi na wewe uyatie sahihi. Akikutajia jumla, mwombe aikate vipande: yake ni kiasi gani, ya mahakama kiasi gani, ya sorovea kiasi gani. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, unakwenda serikalini na si mfukoni mwa wakili, kwa hiyo dai nakala ya malipo. Kama wewe ndiwe muuzaji, kumbuka kuna kodi ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023. Wakili aliyekusahaulisha hiyo amekuuzia bei ya uongo.

Huku kwetu imezuka desturi nyingine, nayo ndiyo inayonikera kuliko zote. Familia haina pesa, wakili anasema, "Msijali, mkishinda mtanikatia ekari tano." Familia inamwona mkombozi. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinasema makubaliano ya wakili kununua sehemu ya haki ya mteja iliyo ndani ya kesi ni batili, na ya kulipwa tu kesi ikishinda ni batili pia. Sababu yake haihitaji shule. Siku upande wa pili utakapoleta pendekezo la suluhu, wakili mwenye ekari tano ndani yake atakushauri kwa akili ya mwenye shamba mwenzako.

Pesa unazompa kwa ajili ya jambo maalumu, kama amana ya kununulia ploti, anatakiwa kuziweka kwenye akaunti ya wateja, mbali na zake. Ukilipa kwa benki au M-Pesa kwa namba ya ofisi, alama inabaki. Ukilipa mkononi, usinyanyuke kitini bila risiti, na risiti isomwe hapo hapo: tarehe, jina lako kamili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, ni malipo ya nini, salio, jina la ofisi na mhuri. Risiti iliyoandikwa "ada" peke yake haina maana yoyote siku ya ugomvi. "Amana ya ununuzi wa ploti namba fulani" ina maana.

Kesi za kundi zina ugonjwa wao. Kaya arubaini zinatishiwa kufurushwa, inaundwa kamati, mwenyekiti anakusanya elfu mbili mbili, na baada ya miaka miwili hakuna anayejua kesi iko wapi isipokuwa mwenyekiti, ambaye naye amenunua pikipiki. Muulizeni wakili, mkiwa wengi, mteja wake ni nani: ni mwenyekiti au ni nyinyi? Anayeshtaki kwa niaba ya wenzake anatakiwa kuwa na idhini yao kwa maandishi, na idhini hiyo iwekwe mahakamani. Hakikisheni majina yote yamo, kwa sababu amri ya zuio huwalinda waliotajwa. Pesa zitoke kwenye akaunti ya kundi kwenda akaunti ya ofisi moja kwa moja, na wakili atoe taarifa mbele ya mkutano, si kwa simu ya mtu mmoja.

Kesi ikishafunguliwa, dai namba yake siku hiyo hiyo. Ukiwa na namba, huna haja ya kuulizia kwa kuombaomba: masjala watakwambia imefika wapi, na orodha za kesi za kila siku huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law. Bila namba utaishia mazungumzo haya:

"Mama, wakili yuko kortini. Njoo Alhamisi."

"Alhamisi iliyopita uliniambia Alhamisi."

"Mama, kesi ni polepole."

Kesi ni polepole kweli, lakini kuna upole wa mahakama na kuna usingizi wa ofisi. Kesi ya madai ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuifuta. Hukumu ya hakimu kwenye kesi kama hiyo ina siku 30 za kukata rufaa, na kutoka kwa jaji kwenda Mahakama ya Rufaa notisi inatakiwa ndani ya siku 14. Muda ukikupita ukaenda kulia kwamba wakili alilala, jaji huenda akakuhurumia, huenda asikuhurumie: majaji wa Kenya wamesema mara nyingi kwamba kesi ni ya mwenyewe, si ya wakili wake, na mwenyewe anatakiwa kuifuatilia. Kwa hiyo baada ya kila tarehe mtumie wakili ujumbe mfupi, kwa adabu, na usiufute. "Shikamoo wakili. Kesi yetu namba fulani ilikuwa mbele ya jaji leo. Naomba kujua kilichoamuliwa na tarehe inayofuata." Akijibu, umepata taarifa. Asipojibu mara tatu, umepata ushahidi.

Hati ya asili ya shamba usiiache ofisini kwa sababu tu umeambiwa "tutaihitaji". Toa nakala, onyesha ya asili, rudi nayo nyumbani. Ikibidi ibaki, kwa mfano siku ya kuhamisha umiliki, iandikiwe barua ya kupokelewa. Karatasi tupu usitie sahihi, na hati ya kiapo usomewe kwa lugha unayoielewa, ikiwa ni Kigiriama basi Kigiriama, kabla ya kidole gumba kugusa wino. Mambo ya kukubali suluhu au kuondoa kesi ni uamuzi wako. Mwambie wakili mapema, kwa maandishi, kwamba asisaini mapatano yoyote kabla hujayaona.

Asiye na pesa kabisa ana milango kadhaa. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kina ofisi Mombasa. FIDA Kenya husaidia wanawake na watoto, nayo iko Mombasa pia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa wasiojiweza. Aliyeshtakiwa kwa mauaji asikubali kusimama peke yake, Katiba inataka apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo haki ingepotea.

Ikifika mahali mmechokana, badilisha wakili mapema. Kabla ya hukumu, notisi ya mabadiliko mahakamani inatosha. Baada ya hukumu utahitaji ruhusa ya mahakama au maelewano na wakili wa zamani, na watu hukwama hapo huku siku za rufaa zikiyoyoma. Kama unadaiwa ada, wakili huyo wa zamani anaweza kuzuia faili mpaka ulipe. Ukiona bili imezidi, una haki ya kutaka msajili wa mahakama aipime kwa kanuni ile ya ada. Aliyekula pesa za mteja au kumtelekeza hushtakiwa kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyoundwa 1989 na isiyotoza malipo. Makosa makubwa huenda kwenye jopo la nidhamu, lenye uwezo wa kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha. Hapo ndipo risiti na zile meseji tatu zisizojibiwa zinapofanya kazi.

Na ukishinda, usiondoke mahakamani na sherehe tu. Mwombe wakili nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama, uliza ni nani ataipeleka kwa msajili wa ardhi Kilifi na lini, kisha baada ya mwezi nenda ukafanye sachi mwenyewe. Hukumu ina miaka 12 ya kutekelezwa. Wapo walioikunja wakaiweka chini ya godoro, mwenye jina la zamani akaliuza shamba katikati ya miaka hiyo, na kesi ikaanza upya na mnunuzi ambaye hawajawahi kumwona.